Nyota Iliyomkubali Kila Mtu

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Sylvanus ameondoka na kompyuta.

Nimepanda ngazi asubuhi mwavuli ukichuruzika, nikakuta mlango wa ofisi umerudishiwa tu. Meza ipo. Printa mbovu ipo. Kompyuta hakuna, boksi la disketi hakuna, na kibao chetu cha mlangoni kimebanduliwa yamebaki matundu ya misumari. Mama wa duka la mbegu hapo chini akaniuliza, "Mwenzio alikuwa anahama Jumamosi, mbona hukuja kusaidia kubeba?" Nikamwambia nilikuwa Olmotonyi kwa baba. Nikageuka haraka asinione usoni.

Tulisoma darasa moja Dar. Tulikuja Arusha pamoja na tukafungua ofisi pamoja, wakati kila mtu mjini anafungua kitu: duka la simu, saluni, kampuni ya kupeleka Wazungu mbugani. Yeye ana mdomo, mimi ninaandika programu. Ndivyo tulivyogawana kazi, na sikuwahi kulalamika kwamba jina linalotajwa kwa wateja ni lake.

Mvua kutwa nzima.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemwona. Ana ofisi karibu na Mnara wa Saa, yenye pazia na kalenda ya benki. Kupitia dirishani nimeiona kompyuta yetu, ile yenye mkwaruzo ubavuni. Sikuingia.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimekwenda hospitali ya misheni, njia ya Ngaramtoni, tope hadi kwenye vifundo. Hawa ndio mteja wetu mkubwa. Mwaka mzima nimewaandikia programu ya wagonjwa wa kliniki ya kifua, wale wanaokunywa dawa miezi mingi na kila wakija lazima ijulikane wamefika wapi.

Matroni, Sista Hedwiga, alinipokea amesimama.

"Programu tumeshawekewa," alisema. "Sylvanus alikuja wiki iliyopita. Inafanya kazi vizuri."

"Sista, programu ile nimeiandika mimi."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo imeniuma kuliko yote. "Ametueleza, mwanangu. Alisema ulikuwa unamchapia. Kuchapa nako ni kazi, usijidharau."

Nilipaswa kusema neno. Nilisema asante. Nimerudi mjini nimelowa, na njia nzima nilikuwa nalirudia: kumchapia, kumchapia, kumchapia.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo nimekumbuka kitu, nikacheka peke yangu kwenye ofisi tupu.

Tatizo la kliniki ile lilikuwa majina. Mtu anaandikwa Elirehema leo, mwezi ujao karani mwingine anaandika Elirihema, wa tatu anaandika Elyrehema, na mgonjwa mmoja anakuwa watu watatu. Kwa hiyo nilimpa karani alama mbili. Herufi asiyo na hakika nayo anaweka alama ya kuuliza. Mahali asipojua kabisa, herufi ziwe nyingi, ziwe chache, zisiwepo kabisa, anaweka nyota. Programu inachukua alichoandika na jina lililomo kwenye kompyuta, inavilinganisha herufi kwa herufi. Ikikuta alama ya kuuliza inaruka herufi moja na kuendelea. Ikikuta nyota, hapo ndipo kazi ilipo: inatakiwa isimame, iangalie kilichobaki baada ya nyota, ikijaribishe kila mahali kwenye jina mpaka mwisho, na isikubali mpaka kilingane.

Mwezi wa saba Sylvanus alikuwa ananihimiza apate cha kuwaonyesha, nami nikaandika kwa haraka. Nyota ile ya haraka haikuangalia kilichobaki. Ikifika kwenye nyota ilisema tu ndiyo, wanafanana, ikamaliza. Ukiandika ELI* hutaona kosa, kwa sababu baada ya nyota hakuna kitu. Lakini anza na nyota. Andika *EMA, ukitafuta majina yanayoishia hivyo, nayo itamkubali Elirehema, itamkubali Susana, itamkubali kila mtu aliyemo.

Nilikuja kulirekebisha mwezi wa kumi. Disketi yenye nyota iliyorekebishwa ilikuwa kwenye mkoba wangu nilipokwenda Olmotonyi. Yeye kabeba boksi. Ndani ya boksi, na ndani ya kompyuta yenyewe, kuna nyota ya mwezi wa saba tu.

Sitamwambia. Kuna siku mtu ataanza na nyota, mbele ya watu wa maana, na Sylvanus atatoa macho asijue pa kushika. Ombi langu ni moja tu, niwepo siku hiyo.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua. Nimepata vipindi vya kufundisha kuchapa kwenye chuo cha wahazili. Kumbe ndivyo, sasa kweli nachapa.

Jumapili, 23 Novemba

Olmotonyi. Barabara imekatika juu ya daraja, nimepanda kwa mguu. Baba akaniuliza mbona nimekonda, nikamweleza yote.

Baba yangu Yiamat alilinda msitu maisha yake yote. Anajua wizi wa mbao, anajua wizi wa ng'ombe. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, "Hicho alichokuibia kinashikika?"

"Hakishikiki, Baba."

"Kina alama yako?"

"Hapana."

"Sasa utakidai vipi?"

"Sitakidai. Nangoja kimharibikie mikononi."

Alichokoa moto. "Kikiharibika, kitamwangukia yeye peke yake?"

Nikasema ndiyo. Nilijibu upesi mno, hata yeye aliona.

Jumanne, 9 Desemba

Redio inasema mvua hizi ni za Elinino. Mto Themi umejaa, watu wanapiga picha darajani. Sylvanus amepita na gari, si lake nadhani, kioo kimeshushwa. Amenipungia mkono. Amenipungia mkono!

Ijumaa, 12 Desemba

Nimesikia hoteli moja ya njia ya Moshi imemwita awawekee programu ya wageni. Ndani yake atatia nyota yangu. Mpe, Mungu, mpe wateja wengi. Akiwa juu ndipo kishindo kitasikika.

Jumatano, 24 Desemba

Mji umebaki mtupu, Wachaga wote wamepanda kwao. Sylvanus naye atakuwa Kilimanjaro, anachinja, anasimulia wajomba zake jinsi alivyoandika programu ya hospitali. Namwona kabisa, mguu mmoja juu ya mwingine. Natamani mjomba mmoja amuulize swali.

Alhamisi, 25 Desemba

Kanisani. Mchungaji alihubiri kusamehe. Nilihesabu mbao za dari.

Jumatatu, 5 Januari 1998

Mvua. Chuo kimefunguliwa, wanafunzi nusu hawajafika kwa sababu ya barabara.

Ijumaa, 16 Januari

Imetokea. Haikutokea nilivyotaka.

Nilikuwa nafunga darasa, Brightness akaingia amelowa chapachapa, kitenge kimegandana na miguu. Brightness ni karani wa kliniki ya kifua. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kibodi mwaka jana. Mwanamke mtulivu, ana mtoto mdogo na anamtunza mama yake. Alikaa kwenye dawati la mbele akalia kwanza.

"Dada Simaloi, nimefuta hospitali."

"Umefuta nini?"

"Wote. Wagonjwa wote. Matroni aliniambia mwaka mpya umeanza, niwatoe wale wa tisini na tano, walishapona zamani. Namba za kadi zinaishia na mwaka, si unajua? Nikaingia kwenye Futa, nikaandika nyota, halafu tisini na tano. Ikaniuliza una hakika, nikabonyeza ndiyo. Kuangalia, skrini nyeupe. Hakuna mtu."

Nyota, halafu tisini na tano. Nyota mwanzoni.

"Na kadi za karatasi?"

"Stoo ilivuja tangu Krismasi. Zimekuwa uji. Ndiyo maana Matroni alisema tumshukuru Mungu tuna kompyuta."

Sylvanus wamempigia simu. Hakwenda hata kuangalia. Amewaambia karani wao amechezea mashine, na kwamba programu haina kosa. Brightness ameambiwa akae nyumbani mpaka waamue. Jumatatu Sylvanus atakwenda kubonyeza Safisha na kuanza orodha upya, mgonjwa mmoja mmoja, kila mtu ajieleze mwenyewe amekunywa dawa kiasi gani.

"Wanaokuja sasa mnawafanyaje?" nikauliza.

"Wanarudishwa. Bila kujua mtu yuko mwezi wa ngapi, daktari hathubutu kumpa dawa. Wanaambiwa waje Jumatatu."

Nilimpa khanga yangu ajifute. Nikamwambia, "Hukukosea, Brightness. Nisikilize. Hukukosea." Hakuniamini.

Sasa niandike ninachokijua. Kwenye Clipper, lugha niliyoandikia ile programu, kufuta si kufuta. Kila mgonjwa anawekewa alama tu kwamba amefutwa, naye anafichwa, lakini bado yumo. Amri moja inawarudisha wote. Wanapotea kweli ukibonyeza Safisha, na hiyo ndiyo Sylvanus anayokwenda kubonyeza kwa mkono wake mwenyewe. Yeye hajui. Ukurasa huo aliuruka darasani.

Nikinyamaza mpaka Jumatatu, ameisha. Atakuwa ameua orodha ya hospitali nzima mbele ya Matroni.

Lakini Brightness ataisha kabla yake. Mimi nilitaka aanguke Sylvanus, na aliyelala chini ni Brightness.

Basi nimeamua hivi. Nimemwambia Brightness amfikishie Matroni ujumbe: mtu yeyote asiiguse mashine hadi nifike, wagonjwa wote wapo. Nitakwenda Jumatatu, saa ambayo Sylvanus yupo. Matroni angeweza kurudishiwa watu wake hata kesho, najua. Lakini kesho Sylvanus hayupo, na mimi nimemngoja tangu Novemba.

Jumamosi, 17 Januari

Mvua kubwa. Nimepiga pasi sketi ya bluu.

Jumapili, 18 Januari

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 19 Januari

Niandike polepole, nisisahau neno.

Tulikwenda pamoja na Brightness. Sylvanus alikuwa ameshafika, tai shingoni, amekalia kiti cha Brightness mbele ya mashine. Sista Hedwiga amesimama nyuma yake amekunja mikono. Nje, kwenye benchi la kliniki, watu walikuwa wamejaa, wengine wamejifunika mifuko ya mbolea kwa ajili ya mvua, na kile kikohozi chao kinapokezana.

"Simaloi!" Sylvanus akasema, kama tumekutana harusini. "Umekuja kujifunza?"

"Shikamoo, Sista," nikasema. Yeye sikumjibu.

"Marahaba. Brightness anasema wewe unasema wagonjwa wapo."

"Wapo, Sista."

"Hawapo," Sylvanus akasema. "Mtu akifuta, amefuta. Acha nisafishe tuanze upya, tunapoteza muda." Na kidole chake kikaenda kwenye kibodi.

Nilimshika kifundo cha mkono. Sijawahi kumgusa hivyo. "Ukibonyeza hapo ndipo watakapopotea," nikamwambia. "Inuka."

Alimtazama Matroni. Akainuka.

Nilitoka kwenye programu, nikalifungua faili lenyewe, nikaandika amri ya kurudisha wote. Namba zikaanza kukimbia pembeni mwa skrini, zinapanda, zinapanda. Brightness alinishika bega kwa nguvu. Nikarudi kwenye programu, na majina yakatoka yamejipanga: Anaeli, Anande, Elirehema, Sifael. Sista Hedwiga alifanya ishara ya msalaba.

"Sasa naomba mtazame," nikasema. Sikuingia kwenye Futa, niliingia kwenye Tafuta, nikaandika *95. Wakatoka wote. Wa tisini na tano, wa tisini na sita, wa mwezi uliopita. Nikaandika *EMA. Wakatoka wote. Nikaandika *ZZZ. Wakatoka wote.

"Hakuna mgonjwa wenu anayeishia na ZZZ," nikasema. "Brightness aliagiza wa tisini na tano. Programu ikampa kila mtu, kwa sababu nyota ikiwa mbele haiangalii kinachofuata. Yeye alifanya alichofundishwa."

Matroni akamgeukia Sylvanus. Taratibu. "Hili ni kosa la nani?"

Nilijua atakachojibu. Nilikuwa nimelijua jibu hilo tangu nikipiga pasi.

"La kwake!" alisema, kidole usoni kwangu. "Hiyo sehemu ya nyota aliandika yeye. Mimi sikugusa hata mstari mmoja! Muulizeni!"

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Uliniambia alikuwa anakuchapia," Sista Hedwiga akasema.

Niliona lilivyomfikia. Lilianza kwenye macho, likashuka mdomoni. Angesema programu ni yake, kosa lingekuwa lake. Angesema kosa ni langu, programu ingekuwa yangu. Nilimwacha asimame hapo hapo katikati. Nikafurahi, tena sana. Siandiki hapa kujionyesha mwema.

"Ni kweli, Sista," nikasema. "Kosa ni langu. Niliandika mwezi wa saba kwa haraka, nikalirekebisha mwezi wa kumi. Yeye alibeba ile ya mwezi wa saba, maana hakujua tofauti. Iliyo sahihi hii hapa." Nikaweka disketi mezani.

Sylvanus alichukua mwavuli wake. Mlangoni aligeuka akasema, "Ungeniambia tu, Simaloi." Kisha akatoka kwenye mvua.

Ningependa kuishia hapo.

Sista Hedwiga aliketi. Alimwambia Brightness arudi kwenye kiti chake, akamwomba radhi mbele yangu, kwa sauti. Brightness akaanza kuita wagonjwa. Halafu Matroni akanigeukia.

"Ulijua tangu lini kwamba nyota ile ni mbovu?"

"Tangu Novemba."

"Na kwamba wanarudishwa kwa amri moja? Hilo ulilijua lini?"

"Ijumaa. Brightness aliponieleza."

"Ijumaa." Alilitamka kama anayelionja. "Hapa kwa miguu ni mwendo gani kutoka Sakina unakokaa? Jumamosi tulirudisha watu. Kulikuwa na mzee, Simel, ametoka juu kule nyuma ya Ngaramtoni, na kadi yake ya mkononi imelowa haisomeki. Tukamwambia jina lako halipo, rudi Jumatatu. Jana ameletwa amebebwa. Alilala njiani kwenye mvua."

"Yule kijana simtaki tena hapa," akasema. "Na wewe pia sitakupa kazi yangu. Ninyi wawili mlikuwa mnagombana, wagonjwa wangu wakawa kiwanja. Weka hiyo programu nzuri, mfundishe Brightness, uende."

Jumanne, 20 Januari

Nimeweka programu. Nimeijaribu kila namna, nyota mbele, nyota katikati, nyota mbili. Brightness ameandika *95 mwenyewe. Wametoka wa tisini na tano peke yao. Alicheka, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, kwa nini hukuja Jumamosi?"

Nikasema barabara ilikuwa mbaya.

Jumatano, 28 Januari

Ile hoteli ya njia ya Moshi imeachana na Sylvanus. Maneno ya hospitali yamewafikia. Mji huu ni mdogo. Mama wa duka la mbegu ndiye aliyenipa habari, anadhani nitaruka. Niliruka kidogo.

Ijumaa, 6 Februari

Ofisi ya Mnara wa Saa imefungwa. Pazia limeondolewa, kalenda imebaki ukutani. Wanasema kaenda Dar. Nilisimama pale dirishani muda mrefu nikiangalia sakafu. Simsamehe. Wanaodhani ukishalipiza unasamehe sijui walilipiza nini.

Jumapili, 8 Februari

Mvua imekatika, Meru umeonekana hadi kileleni. Nimekwenda hospitali. Hakuna aliyeniita.

Wodi ya wanaume iko nyuma ya jikoni. Nilimuuliza muuguzi Mzee Simel ni yupi, akanionyesha kitanda cha dirishani. Nilimtarajia mkubwa, sijui kwa nini. Ni mwembamba, masikio yametobolewa kizamani, blanketi limefika kidevuni. Kila pumzi unaisikia ikitafuta njia.

Kwetu humsalimii mzee kwa mkono. Niliinamisha kichwa, naye akatoa kiganja chini ya blanketi akakiweka juu ya nywele zangu. Kilikuwa cha moto.

"Wewe ni daktari, mwanangu?"

"Hapana, Baba. Mimi ni wa ile mashine ya majina."

"Aa." Akakohoa, nikangoja. "Siku ile walisema simo ndani yake. Nikawaza, labda nimekufa sijaambiwa." Alicheka kwa shida. "Sasa nimo?"

"Umo, Baba."

"Mashine imepona?"

"Imepona."

"Nani kaiponya?"

Muuguzi alikuwa anapita na sinia la dawa. Wa kitanda cha jirani walikuwa wanatusikiliza.

"Mimi," nikasema.

"Mungu akubariki," akasema, mkono bado kichwani mwangu, na hakuuondoa upesi. Nami sikuweza kuinuka.